Deni la Daktari wa Meno

Kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno hayo ya wahenga yalinijia nilipokwenda Nakuru kumtazama mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni daktari wa meno huko. Tuliketi nyumbani kwake mtaa wa Bondeni baada ya sala ya Isha, akaniandalia chai.

Kwanza nikiri kosa letu watu wa pwani. Tukimwona mtu wa Nakuru au Naivasha ana meno ya kahawia, husema huyo hajui mswaki. Nilimwambia hivyo mpwa wangu, akacheka.

"La, mjomba. Huenda anapiga mswaki kukushinda wewe. Ni maji."

Maji ya visima vya Bonde la Ufa hupita katika mawe ya volkano, yakabeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vimeupita. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, hutoka na madoa, wala hapana mswaki wala mkaa utakaoyang'oa madoa hayo. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi njema ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini ambaye meno yake yamekwisha haribika anamhitaji daktari.

Na daktari mwenyewe amesoma kwa deni. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi masomo ya meno ni miaka 5, kisha unagenzi wa mwaka mmoja hospitalini. Mkopo hutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, nayo hutaka mkopaji aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na anayeshindwa amekuwa akitozwa faini ya Shs. 5,000 kila mwezi. Msomaji, piga hesabu: mwaka ule wa nafasi ndio mwaka wa unagenzi! Na mwaka 2024 tuliona serikali ikitaka kuwalipa wanagenzi Shs. 70,000 kwa mwezi badala ya zaidi ya Shs. 200,000 zilizoafikiwa mwaka 2017. Madaktari waligoma siku 56.

Kwa Mwislamu kuna zito zaidi. Mpwa wangu alipewa fomu achague: ama riba, ama arudi nyumbani. Alitia saini, nami nikatia yangu kuwa mdhamini, na usiku ule sikulala vizuri.

Sisemi deni lisilipwe. Kwetu, kabla ya maiti kuzikwa, watu huulizwa ni nani anayemdai. Tena fedha zinazorudishwa ndizo atakazokopeshwa mtoto wa jirani. Ninachokataa ni nyongeza. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zikijumlishwa zisizidi mkopo wenyewe. Ni afueni, lakini riba yenye mpaka ni riba vilevile. Na Suratul Baqara, aya ya 280, inatuamrisha kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki, haitaji faini.

Mbona basi daktari asilipe kwa kazi ya mikono yake? Serikali, ya taifa na ya kaunti, ingemwambia: tumika Gilgil, Njoro au Naivasha, na kila mwaka wa utumishi tutakufutia fungu la deni. Wako watakaouliza kwa nini daktari wa meno apendelewe. Asipendelewe, na muuguzi afanyiwe hivyo hivyo. Lakini mtu mwenye deni hukimbilia penye mshahara mnono, na mshahara mnono hauko kwenye visima vya floraidi.

Mpwa wangu alinionyesha barua. Kliniki moja ya watu binafsi ya Nairobi inamtaka, kwa mshahara maradufu ya anaoupata sasa.

Asubuhi yake nilimsindikiza kazini. Nje benchi lilikwisha jaa akina mama na watoto wao, na msichana mmoja wa shule alikuwa akicheka huku ameuziba mdomo kwa kiganja. Nilipokuwa naaga nilimwuliza, "Mwanangu, umewajibu wale wa Nairobi?"

"Bado, mjomba," akasema, akaingia ndani.