Kabla ya Kulinganisha Soko la Hisa la Nairobi na la Dar

Huenda picha hii imeshafika kwenye simu yako: mistari miwili, wa Soko la Hisa la Nairobi ukishuka, wa Dar es Salaam ukipanda, na chini yake namba ya kutuma pesa "kabla nafasi haijaisha". Maoni yetu ni kwamba usiweke PIN kabla hujajua mistari hiyo inapima nini.

Mara nyingi inapima thamani ya mauzo, yaani idadi ya hisa zilizouzwa mara bei yake. Kwa mteja wetu wa Garissa hili si geni. Ukame ukikaza, mifugo inaletwa sokoni kwa wingi ikiwa imekonda, na bei inaanguka. Ukihesabu vichwa, utasema soko limechangamka. Ukihesabu shilingi, hadithi ni nyingine kabisa.

Hisa nazo ni vivyo hivyo. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa sh5 kila hisa. Mwaka 2021 bei ilipita sh40, na 2023 ikawa imeshuka chini ya sh15. Hisa milioni moja zilizoleta sh40 milioni zikawa hazifikishi sh15 milioni, na hii ni moja ya hisa zinazouzwa sana Nairobi. Ndiyo maana, wageni nao wakiondoa pesa zao, mauzo ya hisa ya mwaka mzima yalitoka karibu sh137 bilioni mwaka 2021 hadi karibu sh88 bilioni 2023. Mwaka 2024 yakapanda tena, yakapita sh100 bilioni. Mwenye kutaka kukutisha atakata mchoro wake hapo 2023.

Halafu kuna sarafu, na hapa ndipo watu wanachezewa zaidi. Mwanzoni mwa 2022 shilingi moja yetu ilikuwa kama shilingi 20 za Tanzania. Januari 2024 ilikuwa karibu 16. Chukua mauzo ya shilingi milioni 100 za Tanzania: kwa kiwango cha kwanza ni sh5 milioni zetu, kwa cha pili ni sh6.25 milioni. Dar "imekua" kwa robo nzima bila hisa moja zaidi kuuzwa! Anayetumiana pesa na jamaa Kismayu au Mogadishu, ambako pesa ya simu ni dola, anaijua hesabu hii kuliko wachambuzi wengi.

Tazama pia kama bondi za serikali zimechanganywa humo. Katika nchi zote mbili bondi zinauzwa kwa thamani kubwa kuliko hisa, kwa hiyo zikiingia, mchoro unabadilika sura. Na wewe unayekwepa riba, namba hiyo haikuhusu hata kidogo.

Hatusemi Dar ni soko baya. Lilianza biashara mwaka 1998, wakati la Nairobi lipo tangu 1954, na kidogo kikiongezeka kidogo tu, asilimia inaonekana kubwa. Lakini kwetu swali ambalo thamani ya mauzo inajibu vizuri ni hili: siku mtoto anatakiwa karo na unataka kuuza, mnunuzi atapatikana? Ngamia mzuri asiye na mnunuzi siku hiyo halipi karo. Sokoni kwenye mauzo madogo unaweza kungoja, au ukubali bei ya chini.

Kama bado unataka kuanza, tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja Nairobi, si lazima mia kama zamani. Pitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji; orodha iko kwenye tovuti yao. Lipa kwa Paybill ya kampuni hiyo. Jina likitokea ni la mtu binafsi, katiza hapo hapo, hata kama aliyekutumia mchoro ni binamu yako.