Tujue Tunachorithi Katika Damu

Katika familia zetu hapa Simiyu tunakumbuka vizuri siku aliyofariki baba au babu. Lakini tukiulizwa alikuwa na umri gani na alikufa kwa maradhi gani, mara nyingi jibu ni moja: "Alianguka ghafla." Wengine huongeza kwamba alirogwa. Sisi tunaona kwamba kutokujua huku kunaweza kuwagharimu watoto wetu.

Mafuta hayachanganyiki na damu. Kwa hiyo lehemu, yaani kolesteroli, husafiri mwilini ndani ya vifurushi vidogo vya mafuta na protini viitwavyo lipoprotini. Mwaka 1963 daktari wa Norway, Kåre Berg, aligundua kifurushi cha pekee, lipoprotini(a). Hiki hufanana na kile kinachobeba lehemu mbaya, ila kimeunganishwa na protini nyingine ndefu yenye mikunjo mingi.

Mikunjo hiyo ndiyo yenye taabu, maana hunata. Kwanza, hunata kwenye ukuta wa mshipa wa damu, na kuacha hapo lehemu na mafuta yaliyoharibika. Ukuta hukakamaa na njia ya damu huwa nyembamba. Pili, mikunjo hiyo inafanana sana na plazminojeni, protini ambayo mwili huitumia kuyeyusha damu iliyoganda. Katika maabara imeonekana kwamba lipoprotini(a) hukalia nafasi ya plazminojeni juu ya nyuzi za bonge la damu, lakini kazi ya kuyeyusha haiifanyi. Ni kama mgeni aliyekalia kiti cha fundi. Wataalamu bado wanajadiliana jambo hili la pili lina uzito gani ndani ya mwili wa mtu. Lakini kwamba lipoprotini(a) ikizidi huchangia maradhi ya moyo, ushahidi upo wa kutosha.

Kiasi chake hutokana zaidi na urithi, wala si unene. Mkulima wa pamba mwembamba, anayeshinda shambani kutwa, anaweza kuwa nayo nyingi. Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 kati ya 5 anayo kwa kiwango cha juu, na kwa wastani watu wenye asili ya Afrika wanayo zaidi kuliko Wazungu.

Je, basi tukate tamaa? Hapana. Watafiti kutoka Italia na wenzao walilinganisha wanakijiji wa Lugalawa, wilayani Ludewa, waliokula mazao ya shamba, na wavuvi wa Ziwa Nyasa waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku. Katika taarifa zilizochapishwa mwaka 1996 na 1999, wavuvi walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi na lipoprotini(a) kidogo zaidi. Ulinganisho wa namna hii peke yake hauthibitishi kwamba samaki ndio sababu. Hata hivyo, sisi tulio jirani na Ziwa Viktoria pale Busega hatuna sababu ya kudharau samaki mezani, mradi tusizidishe chumvi.

Tangu mwaka 2019 wataalamu wa Ulaya wanashauri kila mtu mzima apimwe lipoprotini(a) walau mara moja maishani. Kipimo hicho si cha kawaida katika zahanati zetu. Lakini kupima shinikizo la damu na sukari, kuacha tumbaku, na kupunguza chumvi na mafuta kunawezekana, na ni muhimu zaidi kwa aliyerithi hatari hii.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Ukoo ukikutana, kijana mmoja achukue daftari aandike: nani alipooza au kufa ghafla, na akiwa na umri gani. Kama ni mwanamume chini ya miaka 55 au mwanamke chini ya miaka 65, ndugu zake na watoto wake wamweleze daktari habari hiyo mapema, wasingoje maumivu ya kifua. Wazee wangali hai, tuwaulize sasa.