Neno "Guni" Halitoshi

Juu ya meza yangu ya useremala lipo kopo la maziwa ya unga lililojaa kalamu zilizoharibika. Zimo za mpingo zilizopasuka, za mninga zilizoliwa na msasa hadi zikakonda kiunoni, na moja ya mwembe ambayo ncha yake hairudi ndani hata uizungushe vipi. Kila moja nimeifungia kikaratasi kwa uzi, na juu yake nimeandika kilichoharibika na hatua kilipoharibikia. Wageni hudhani ni mzaha. Leo nalitoa kopo hilo mbele ya watunzi wenzangu kwa sababu nina neno la kuteta nao, na mshitakiwa wa kwanza ni mimi.

Kalamu ya kukereza huanza kama kipande cha mti chenye pembe nne. Hutobolewa katikati, upande hadi upande, kikatiwa mrija mwembamba wa shaba wa milimita 7 na kugandishwa kwa gundi. Gundi ikishakauka, ncha husawazishwa, kipande kikavikwa kwenye chuma cha mashine, kikazungushwa huku patasi ikikipa umbo. Hufuata msasa, wa kukwaruza kwanza kisha laini na laini zaidi, na mwisho vyuma vya kalamu hushindiliwa ndani ya mrija.

Nilipoanza kazi hii, vipande vilikuwa vikinipasukia mashineni, na kila mara niliilaumu patasi. Nikainoa. Nikanunua nyingine. Mti ukaendelea kupasuka. Siku moja nikaokota vibanzi sakafuni, badala ya kuvifagia kama desturi yangu, nikaona kwamba mrija wa shaba ulikuwa mtupu nusu nzima: gundi haikufika huko. Penye mwanya mti hauna cha kuuegemea, na patasi ikipita hapo hata kwa adabu zote, utaruka. Kosa lilikuwa la jana yake, na mimi nilikuwa nikiiadhibu zana ya leo.

Mpingo una hila zaidi. Mti huu ni mzito hata huzama majini, na haupendi joto. Ukiutoboa kwa pupa, keekee huchemka na ufa mwembamba huzaliwa ndani, usioonekana. Utautoboa, utaugandisha, utaukereza, utaanza kuusifu. Ufa utakuja kujionyesha kwenye msasa wa mwisho. Dawa yake ni kutoboa kidogo, kuitoa keekee, kuondoa unga wa mti, kuacha ipoe, kisha kurudi. Lakini nani angeijua dawa hiyo kama angeandika tu juu ya kikaratasi, "Kalamu mbovu"?

Na hivyo ndivyo tunavyoandika sisi juu ya mashairi ya vijana. Tunasoma beti mbili, tunakunja uso, tunatamka "guni," basi. Kwa ruhusa za mshairi tunayo majina mengi mazuri: inkisari akifupisha neno, mazida akilirefusha, tabdila akiligeuza sauti ili lipatane na kina. Kwa makosa yake, lililo midomoni mwetu ni moja tu, nalo ni hukumu. Halisemi kosa liko wapi wala lilianza lini.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea shairi la mapenzi, akaniomba kwa heshima, "Mwalimu, nisahihishie." Mshororo wake wa kwanza ulikuwa hivi:

Moyo wangu u taabani, sina wa kunituliza

Nilihesabu kwa vidole. Ukwapi una mizani 9, utao una 8. Nikamwambia ni guni, nikamrudishia. Sikumwambia kwamba alilisikia neno "taabani" jinsi linavyotamkwa sokoni, kwa haraka, irabu mbili zikimezwa kuwa moja. Kwamba mizani huhesabu ta na a mbalimbali. Na kwamba "Moyo uko taabani" ingemaliza kazi bila kuumiza maana. Maradhi yalikuwa ya sikio, na sikio hutibika kwa alasiri moja.

Kosa lake la pili lilikuwa la gundi. Katika ubeti uliofuata alimsifu mpenzi wake kuwa "mchangamfu," akakifanya -mfu kina cha mwisho cha shairi lililobaki. Maneno yenye mwisho huo ni machache mno katika lugha yetu. Ubeti wa tatu ulikuwa unahema, na katika ubeti wa nne, katikati ya shairi la mahaba, akaingia "mfu." Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilichopaswa kumwonyesha ni kwamba ubeti wa nne haukuwa na hatia. Shairi lilipasuliwa na neno alilolichagua beti mbili nyuma, akilifurahia, bila kupima akiba ya vina aliyo nayo.

Wapo watakaosema dawa ni kuziacha vina na mizani kabisa. Mabishano hayo tunayo tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, nami sina nia ya kuyafufua. Shairi huru nalo hupasuka: picha hugongana, mstari hukatwa pasipo pumzi. Tofauti ni kwamba likipasuka hatuna hata hilo neno moja la kulitusi. Nawaheshimu walinzi wa arudhi, kwani bila wao nisingejua kuhesabu. Ninachowaomba ni waseme zaidi ya neno moja.

Labda tumeponzwa na urithi wenyewe. Katika utenzi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona anamtaka binti yake alete wino na karatasi, na kazi ikaanza. Sisi tumepokea tungo iliyokamilika. Kama palikuwa na ubeti uliokatwa, au kina kilichomkimbia, hatukuonyeshwa. Ndivyo tulivyo na malenga karibu wote: kalamu zao zilizokamilika tunazo, kopo lao hatunalo. Mwanafunzi akilinganisha rasimu yake na diwani iliyochapwa, huona aibu ambayo mtunzi wa diwani ile huenda aliijua vilevile, ila aliichana.

Mimi sasa rasimu zangu sizichani. Pembeni mwa kila mshororo uliokufa naandika ulikofia: hesabu, akiba ya vina, au neno lililoletwa kwa kuwa lilienea tu. Nimegundua jambo la kunifedhehesha, kwamba karibu nusu ya makosa yangu ni lile la mchangamfu. Nikiletewa shairi la mtu, nalirudisha na vikaratasi.

Shairi la yule kijana nililinakili siku ile, kwa ajili ya kuwachekesha wenzangu barazani. Ninalo bado. Nimeliandikia vikaratasi vinne, kimoja kwa kila ubeti. Alipohamia sikujui, na waliomfahamu wanasema hatungi tena.