Mjamzito anahitaji mazoezi, si mizigo

IMEZUKA tabia hapa Kigali ya kumkalisha mwanamke kitako mara tu anapopata ujauzito. Ngazi hapandi, sokoni haendi kwa miguu, na safari ya hatua mia mbili anaitiwa pikipiki. Wakati huo huo, dada yake aliyeko kijijini anapanda kilima na jerikeni ya lita 20 kichwani, mimba ikiwa na miezi minane. Wote wawili hatuwatendei haki.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaomshauri mjamzito ambaye daktari hajamkataza afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kunatosha. Mazoezi hayo hupunguza hatari ya presha na kisukari cha mimba. Aliyezoea aendelee, asiyezoea aanze taratibu. Akiona damu, akivuja maji au akipata kizunguzungu, aache na kwenda kituo cha afya.

Tabia hii haianzii kliniki. Sisi walimu tunawaona wasichana wakiacha michezo wanapovunja ungo, nasi tunanyamaza. Atakayekuwa mama kesho hujifunza kukaa tangu shuleni.

Wapo watakaosema mama zetu walilima hadi siku ya uchungu. Ni kweli. Nilisomea ukimbizini, mkoani Kagera nchini Tanzania, na niliwaona. Lakini kulima juani na njaa tumboni si mazoezi. Afanyaye mazoezi hupumzika akichoka. Mwenye jerikeni hana hiari hiyo. Tena, tunaowasifu ni wale waliopona. Waliozikwa hawahesabiwi katika masimulizi yetu.

Kwa hiyo nawageukia wanaume wenzangu. Uliyeko mjini, toka na mkeo mtembee. Tangu mwaka 2016 Kigali ina siku za Jumapili ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari ili watu wafanye mazoezi; nafasi ipo. Uliyeko kijijini, mpokee mkeo jerikeni na kuni, hata kama majirani watakucheka. Kicheko hakiui. Presha ya mimba inaua.