REDIO YA TAIFA SI REDIO YA WAKUBWA

Ndugu Wafanyakazi wa Kamakis, Ruiru na Thika,

Hapa Kamakis kila mtu anaijua mizani. Mteja akiagiza kilo mbili za mbuzi hutazama mshale kabla nyama haijaenda motoni. Akigundua mwenye bucha ana mizani mbili, moja ya rafiki zake na moja ya wapita njia, hatarudi tena. Basi twauliza: sisi wenye macho makali juu ya nyama, mbona twakubali kupunjwa habari?

Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, ni mali ya umma. Katiba ya 2010, kifungu cha 34, yasema wazi kwamba vyombo vya habari vya Serikali viwe huru kuamua vitakachotangaza, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni mbalimbali, hata ya wapinzani. Hiyo si fadhila ya waziri. Ni sheria.

Tukumbuke tulikotoka. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, nao ulikuwa kwa ajili ya masetla. Mwaka 1964 Serikali ya Uhuru iliuchukua na kuuita Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 jina la KBC likarudi. Majina yalibadilika, lakini tabia ilibaki. Siku za chama kimoja taarifa ya habari ilianza na Rais: alikokwenda, aliyemsalimu, alilosema. Bei ya unga ilingoja. Tarehe 30 Desemba 2007 KBC peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kuwapo matokeo ya urais yalipotangazwa, na siku hiyo hiyo Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Hatusemi kwamba redio ndiyo iliyoleta msiba ule uliopoteza zaidi ya watu 1,100. Twasema kwamba watu wasipokuwa na chombo wanachokiamini, uvumi hushika usukani.

Wako watakaosema hayo ni ya zamani. Si ya zamani! Januari 2018 NTV, KTN na Citizen zilizimwa kwa sababu ya kuonyesha Bw. Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa visionyeshe maandamano moja kwa moja, na vingine vikazimwa, mpaka Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Tena Machi 2024 Serikali iliagiza matangazo yake yote ya kulipia ya redio na televisheni yaende KBC. Mkono mtupu haulambwi, ndugu zangu. Chombo kinacholishwa na mkono mmoja hujifunza haraka kuulamba mkono huo.

Lakini tusidanganyane kwamba vituo vya watu binafsi ni malaika. Gazeti la Standard kwa miaka mingi limehusishwa na jamaa ya Moi, na K24 na Kameme na jamaa ya Kenyatta. Tajiri wa gazeti ni tajiri. Kumbukeni madaktari waliogoma siku 100, tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Viongozi wao saba walitiwa jela. Kila mmoja wetu alisikia kwamba wagonjwa wanateseka, na ni kweli waliteseka. Je, ni wangapi kati yetu waliosikia kwa kinaganaga kwamba madaktari walikuwa wakidai mapatano yaliyotiwa sahihi Juni 2013? Mgomo huelezwa kwa hasara unayoleta, mara chache kwa ahadi iliyovunjwa.

Na hapa twawaambia wanachama wetu jambo lisilopendeza. Wengi wetu hatutaki redio ya haki. Twataka redio ya upande wetu. Ikimtukana adui yetu twapandisha sauti, ikimwuliza kiongozi wetu swali twabadilisha kituo. Huko ni kuishika mizani kwa kidole.

Kutopendelea si kumpa mwongo na mkweli dakika sawasawa. Waziri akisema mkutanoni walikuwa watu kumi, na picha yaonyesha maelfu, mtangazaji aionyeshe picha na aseme hivyo. Mpinzani akitia chumvi, naye aambiwe. Na siku kiongozi wa chama cha wafanyakazi atakapokula michango, itangazwe vilevile. Kilo ni kilo.

Kwa hivyo twadai:

1. Wasimamizi wa KBC wasiteuliwe wala kufukuzwa kwa matakwa ya waziri.

2. Pesa za matangazo ya Serikali zigawanywe kwa kanuni iliyo wazi, isiwe zawadi wala fimbo.

3. Panapokuwa na mgomo, mwajiri na mfanyakazi wasikizwe katika taarifa moja, si mmoja leo na mwingine wiki ijayo.

Na kila tawi lifanye kazi yake. Sikilizeni taarifa ya saa moja usiku. Andikeni tarehe, kituo, lililosemwa na lililoachwa. Mkileta ushahidi, chama kitaupeleka kwa Tume ya Malalamiko iliyowekwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Manung'uniko ya mezani hayafiki popote, barua yenye tarehe hujibiwa.

Kodi yetu ndiyo inayoilisha redio ile. Isiwe ya Serikali wala ya upinzani. Iwe yetu sote.

UMOJA NI NGUVU!