Acheni kujaza shokomzoba kwa jedwali!

Jamani, mtu ananunua baiskeli ya kulalia, anachukua jedwali la presha la baiskeli za milimani, anajaza shokomzoba ya nyuma kulingana na kilo zake, kisha analalamika mgongo. Ulitarajia nini?

Mwendesha baiskeli ya milimani akiona shimo husimama kwenye pedali; magoti humeza pigo. Wewe umeegemea kiti, pigo linakwenda moja kwa moja mgongoni. Tena kila fremu hugawa uzito kivyake. Kilo zilezile, presha tofauti.

Kwa hivyo pima. Sogeza pete ya mpira hadi kwenye sili ya shokomzoba. Mwenzako ashike baiskeli, ukae taratibu na mizigo yako yote, miguu kwenye pedali. Shuka bila kuitikisa, upime pete imesogea kiasi gani. Kama shokomzoba hubonyea milimita 50, anzia robo yake, 12 hivi. Imezidi? Ongeza hewa. Haikufika? Punguza.

Sisi waandishi wa programu tunajua madhara ya kunakili namba bila kuijaribu. Bado unabisha? Pima kwanza, halafu tubishane.