Mwamuzi anaingilia mlango gani?



Mwezi huu tuongee juu ya jaji, ao zuzi kama tunavyosema kwetu, aliyetoka katika mambo ya tribunali akaingia kuongoza mpira. Musiseme: sisi wa Kibombo, hayo yanatuhusu nini? Someni kwanza.

Aaron Ringera ni mtu wa Kenya. Mwaka 2003 aliongoza komite iliyochunguza rushwa kati ya majaji wenyewe. Ripoti yake ilitaja majaji 23 na mahakimu 82. Fikirini: kuchunguza wenzako wa kazi moja! Mwaka 2004 akapewa kuongoza tume ya kupiga vita rushwa. Lakini Agosti 2009 Raisi alimwongezea muda bila kupitia baraza la tume na Bunge. Wabunge wakakataa, na mwisho wa Septemba akaacha kazi.

Novemba 2021 serikali ya Kenya ilivunja uongozi wa federasio ya mpira, ikisema kuna mashaka juu ya matumizi ya feza. Minisitiri akaweka komite ya miezi sita chini ya Ringera, jaji mstaafu. Mtu wa sheria amepatikana, si ni vizuri? Lakini kanuni ya FIFA inajulikana: serikali isiingilie uongozi wa mpira. Tarehe 24 Februari 2022 FIFA ikaisimamisha Kenya.

Nani aliumia? Si wakubwa. Ekipe ya taifa ilitolewa katika kundi lake na Kamerun, Namibia na Burundi, ikakosa njia ya Kombe la Afrika. Tusker, bingwa wa Kenya mwaka 2022, haikwenda mashindano ya klabu za Afrika. Kijana amejitayarisha, miguu iko, nguvu iko, lakini mlango umefungwa. Adhabu iliondolewa Novemba 2022, uongozi wa federasio uliporudishwa. Desemba 2024 wakapiga kura. Na Agosti 2025, katika CHAN kule Nairobi, Kenya hiyo hiyo ikatufunga sisi Wakongo 1-0!

Marekani nako kulikuwa zuzi, Kenesaw Mountain Landis. Katika besiboli, mchezo wao wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, wachezaji walishitakiwa kwamba walipokea feza ili washindwe fainali ya 1919. Wenye klabu wenyewe wakamwita Landis mwaka 1920, wakampa mamlaka yote. Mwaka 1921 alifukuza wachezaji 8 kwa maisha yao yote, hata kiisha tribunali kuwaachilia, na neno lake likasimama. Mlango wake ulikuwa wazi. Lakini hakuna aliyempima. Aliongoza mpaka kufa kwake mwaka 1944, na miaka yote ile hakuna Mweusi hata mmoja aliyecheza katika ligi kubwa.

Kumbukeni Musa. Alipotaka kuamua ugomvi wa ndugu zake Misri, walimuuliza nani amemuweka. Hakuwa na jibu, akakimbia. Aliporudi, alitumwa na Mungu, na kwanza aliwakusanya wazee.

Sasa tuje kwetu. Katika ekipe ya kanisa ao katika shimo la zahabu, siku feza ya sanduku inapotea, tunasema haraka: tumwite mkubwa fulani atengeneze. Pengine ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini haitoshi. Andikeni kanuni mbele ya ugomvi kuanza. Wale watakaoamuliwa wamchague mwamuzi. Kazi yake iwe na mwisho unaojulikana, na yeye pia atoe hesabu.

Vijana, katika mkutano wenu wa mwezi huu ulizaneni: sanduku letu likipotea kesho, nani atatuamua, na nani amemuweka? Kama hakuna jibu, litafuteni sasa, wakati mungali mnacheka pamoja.